Jinsi ya Kuuzoea Usiku wa Mji Mpya: Mwongozo Kamili kwa Aliyehamia Karibuni

Wengi wanaohamia mji mpya hukwama palepale. Wiki ya kwanza inaisha kwa kupanga vyombo. Wiki ya pili upweke unabisha hodi. Jumamosi inayofuata mtu anavaa, anatafuta mtandaoni sehemu iliyotajwa kuliko zote, na anaingia peke yake saa tano usiku. Muziki ni mkubwa kiasi kwamba huwezi hata kumuuliza mtu jina lake, na kila meza ina watu waliokuja pamoja. Saa nane anatoka: usafiri wa kawaida umekwisha, simu inakaribia kuzima, na nauli ya gari la kukodi imepanda. Jumatatu anasema mji huu watu wake wana roho mbaya.

Mara nyingi watu hawana neno. Kilichokosewa ni mpangilio. Ameanza na usiku mgumu kuliko yote, mahali pagumu kuliko pote, bila njia ya kurudi.

Mwongozo huu unaanza na kurudi nyumbani, halafu ndiyo tunakwenda kwenye muziki. Unamfaa anayekunywa na asiyekunywa. Fuata hatua kama zilivyopangwa. Wanaoruka hatua ya 2 na ya 8 ndio haohao wanaorudi kuuliza tena baada ya mwezi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu iliyojaa chaji, pamoja na pawabanki na waya wake. Jaribu waya huo nyumbani. Pawabanki iliyojaa yenye waya mbovu ni mzigo tu.
- Ramani ya mji iliyopakuliwa, inayofunguka hata bando likiisha.
- Fedha taslimu katika sehemu mbili. Ya matumizi iwe mfukoni, na nauli ya kurudi ikae peke yake, kwenye soksi au mfuko wa ndani. Nauli hiyo haiguswi kwa sababu yoyote nyingine.
- Kitambulisho. Sehemu nyingi hukiuliza mlangoni. Usibebe pasipoti kama una kitambulisho kingine kinachokubalika.
- Karatasi yenye namba tatu za simu: ndugu au rafiki, huduma ya dharura ya nchi uliyopo, na teksi unayoiamini. Namba 112 hufanya kazi katika nchi nyingi, lakini si zote, kwa hiyo hakikisha mapema.
- Viatu unavyoweza kutembea navyo mwendo wa nusu saa bila kulalamika.
- Vizibo vya masikio. Usicheke. Tutavifikia kwenye hatua ya 6.
- Mtu mmoja anayejua ulipo. Si lazima awe mji huohuo. Dada yako aliye mbali anatosha, mradi anashika simu.

Nguo mpya si lazima, gari si lazima, na wala huhitaji kundi la marafiki. Kundi ndilo unalokwenda kulitafuta.

## Hatua ya 1: Iandae simu kama vile itaibiwa

Piga *#06#. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Iandike uiache nyumbani, kwa sababu polisi na kampuni ya simu huihitaji simu inapopotea, na wakati huo huna tena simu ya kuitazamia.

Kisha ficha maudhui ya ujumbe yasionekane skrini ikiwa imefungwa. Mwizi mwenye simu iliyofungwa bado anaweza kusoma namba za uthibitisho za benki zinazoingia juu ya skrini. Weka pia namba ya siri kwenye laini yenyewe, maana laini ikihamishiwa kwenye simu nyingine bila kinga hiyo, ujumbe wako wote unamfuata aliyeishika.

Kwenye ramani, usiweke alama ya "Nyumbani" juu ya mlango wako. Iweke kwenye makutano ya barabara yaliyo karibu. Wewe itakufikisha vilevile, ila aliyeokota simu haitamfikisha.

Mwisho, washa huduma ya kumwonyesha yule mtu wako mahali ulipo, kwa muda wa saa unazotarajia kuwa nje. Mwambie na saa ya kurudi. Kauli kama "nikichelewa nitakwambia" haimsaidii chochote. Mwambie hivi: "Saa sita na nusu nitakuwa nimeingia ndani. Usiponisikia, nipigie."

Umefaulu kama: umezima intaneti ya simu na bado unaweza kuiona ramani na njia ya kwenda kwako.

## Hatua ya 2: Ijue njia ya kurudi kabla ya kujua pa kwenda

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wewe anza na ngama.

Tafuta njia mbili za kurudi nyumbani usiku, si moja. Ya kwanza ni usafiri wa umma: basi au treni ya mwisho inapita kituo gani, saa ngapi, na inakushusha umbali gani kutoka kwako? Ya pili ni gari la kukodi, kwa programu au kwa simu ya dereva anayefahamika. Moja ikifa, nyingine ipo.

Mambo matatu huwachanganya wageni hapa.

Kwanza, njia za usiku si zilezile za mchana. Miji mingi hupunguza njia baada ya saa nne au tano usiku, na basi lililokupeleka pengine halirudi kwa njia ileile. Soma ratiba ya usiku peke yake.

Pili, tarehe. Ratiba nyingi huhesabu siku mpya kuanzia saa sita usiku. Basi la 00:40 unalolitaka ukitoka matembezini Ijumaa usiku linaweza kuwa limeandikwa chini ya Jumamosi. Kosa hili hutokea hata kwenye matangazo ya muziki: bango linasema "Jumamosi 00:30", wewe unakwenda Jumamosi usiku, kumbe onyesho lilikuwa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Ukiona saa iliyo baada ya saa sita usiku, uliza ni usiku wa kuamkia lini.

Tatu, kipande cha mwisho. Watu hupanga safari hadi kituoni na kusahau zile dakika kumi kutoka kituoni hadi mlangoni. Mara nyingi kipande hicho ndicho chenye giza kuliko safari nzima.

Kwa hiyo fanya safari ya majaribio. Siku ya kawaida, ukiwa na akili timamu, nenda mjini jioni na urudi saa tatu au saa nne usiku kwa njia uliyoipanga. Ukishuka kituoni, tembea hadi nyumbani ukiangalia taa: wapi zinawaka, wapi hakuna, mbwa wapo kona gani, geti lako linafungwa saa ngapi. Wapangaji wengi hugundua habari ya geti wakiwa tayari nje.

Onyo: kama kipande cha mwisho hakikuridhishi kwa miguu saa nne, hakitakuridhisha saa saba. Kipangie gari hadi mlangoni, na gharama hiyo ihesabiwe ndani ya kila matembezi tangu mwanzo.

Umefaulu kama: mtu akikuuliza "utarudije?" unajibu kwa saa, kituo na njia mbadala bila kufungua simu.

## Hatua ya 3: Zurura kwanza, bila kuingia popote

Hapa ndipo ile hamu ya kuona kila kichochoro inapopata kazi. Wengi huipeleka moja kwa moja ndani ya klabu, na klabu kwa ndani zinafanana mno. Mji unaujua ukiwa barabarani.

Chagua eneo moja tu ambalo umeshaliona mchana. Nenda siku ya katikati ya wiki, jua likizama, na ukae hadi giza liingie vizuri. Saa hiyo unaziona sura mbili za mtaa kwa mpigo. Duka ulilolifanya alama ya kukata kona linafunga, taa yake inazimwa, na ile kona hutaitambua tena. Badala yake shika alama zinazowaka usiku kucha: kituo cha mafuta, hospitali, daraja lenye taa, hoteli kubwa.

Tembea mzunguko unaokurudisha ulikoanzia, dakika 30 hadi 45. Kisha uzunguke tena kwa kinyume chake. Mara hii ya pili usiiache, hata kama inaonekana ya kipuuzi: mtaa uliouingia kutoka kusini haufanani na uleule ukiutokea kaskazini, na usiku utakuwa unarudi, si unakwenda.

Angalia watu kuliko majengo. Ukiona wazee wamekaa nje, wanawake wanatembea peke yao bila kuharakisha, na wauzaji bado wamefungua, mtaa huo una macho. Mtaa wenye macho ni salama kuliko wenye taa nyingi usio na mtu. Sikiliza pia muziki unatokea wapi, na tazama wafanyakazi wa migahawa wanaelekea wapi wakimaliza zamu. Wanakokwenda wao mara nyingi ni pazuri, bei zake si za kumkamua mgeni, na hapamo kwenye orodha yoyote.

Maonyo machache:

- Usizibe masikio yote mawili kwa spika za masikioni. Moja inatosha, na bora usivae kabisa.
- Usitembee huku umeinamia ramani. Ingia dukani au simama mgongo ukiwa ukutani, tazama, weka simu mfukoni, endelea.
- Ukihisi unafuatwa, vuka barabara, kisha vuka tena urudi. Akivuka mara zote mbili, ingia mahali penye watu na taa na upige simu ukiwa humo. Usimwongoze hadi kwako.

Umefaulu kama: unaweza kuchora eneo hilo kwenye karatasi na kuweka alama nne zinazowaka usiku.

## Hatua ya 4: Chagua sehemu mbili, si kumi

Orodha za "sehemu kumi za kwenda" huandikwa kwa ajili ya wapita njia. Wewe umehamia. Usisafirie nyota ya mwenzio: mahali palipomfurahisha mtu wa siku tatu, aliyekuja na marafiki zake, panaweza kukuchosha vibaya.

Sehemu nzuri ya kuanzia ina sifa tatu. Unaweza kurudi nyumbani kutoka hapo kwa njia ya hatua ya 2. Kuna jambo linalofanyika hapo kila wiki, siku ileile: bendi, usomaji wa mashairi, mafunzo ya kucheza dansi, michezo ya mezani, mashindano ya maswali, kikundi cha kukimbia jioni kinachomalizia kwa soga. Na tatu, mnaweza kuongea.

Hiyo ya tatu ina kipimo rahisi. Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtu. Ikiwa lazima upaze sauti ndipo akusikie, kelele za hapo zimefika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 hivi au zaidi. Utacheza vizuri, ila humjui mtu hapo.

Kipengele cha jambo la kila wiki kinapuuzwa sana, nacho ndicho chenye nguvu. Penye shughuli, watu wana sababu ya kuongea na wasiyemjua, na wiki ijayo watakuwepo walewale. Klabu kubwa ya Jumamosi hubadilisha nyuso zote kila wiki.

Kabla ya kwenda, piga simu saa ambazo pamefunguliwa na uulize: kiingilio ni kiasi gani, mnafunga saa ngapi, kuna masharti ya mavazi au umri? Dakika mbili za simu zinakuokoa na kugeuzwa mlangoni mbele ya foleni.

Umefaulu kama: una sehemu mbili na siku mbili za wiki, na hata moja si Jumamosi.

## Hatua ya 5: Usiku wa kwanza

Fika mapema, ndani ya saa moja tangu shughuli ianze. Wageni huona aibu kufika mapema, na aibu hiyo ndiyo inayowaponza. Mapema baunsa ana muda wa kujibu salamu, mhudumu anakukumbuka sura, viti vipo, na watu wachache waliopo wako tayari kuongea kwa sababu nao wanasubiri. Saa tano kila mtu ameshachagua wa kukaa naye.

Ukiingia, tafuta milango miwili ya kutokea kabla ya kutafuta kiti. Moto ukizuka, watu hukimbilia mlango walioingilia, na ndiyo sababu hukanyagana hapo.

Kisha kaa kaunta, kwenye ile pembe inapokunja. Mezani peke yako unaonekana unamsubiri mtu, na anayetaka kukusemesha lazima avuke ukumbi. Pembeni mwa kaunta mhudumu anapita kila mara, una jirani kulia au kushoto, na unauona mlango. Kama hakuna kaunta, kaa kwenye meza ndefu ya watu wengi.

Lipa kila unachoagiza papo hapo. Usiiache kadi yako kaunta "mpaka mwisho": bili inakua bila kuonekana, na siku ukitaka kuondoka haraka huwezi.

Sasa maneno. Anza na mhudumu:

"Habari za kazi, dada. Mimi ni mgeni mjini. Hapa huwa pamechangamka siku gani?"

Swali hili ni jepesi kulijibu, linakupa habari ya kweli, na anayekaa karibu huwa analisikia. Mara nyingi ndiye anayedakia. Asipodakia, baada ya muda mgeukie:

"Samahani kaka, hawa wanaopiga leo huwa wapo kila wiki?"

Akijibu kwa neno moja na macho yakarudi kwenye simu, mwache, hajakuchukia. Akijibu na yeye akakuuliza kitu, mazungumzo yameanza. Muulize kuhusu mahali, muziki, mtaa. Kazi na mshahara, kabila au asili, ndoa na watoto ni vya siku nyingine.

Onyo: kwamba u mgeni si siri, kwamba u peke yako ni siri. Usimwambie mtu wa usiku wa kwanza kwamba unaishi peke yako, unaishi nyumba gani, au kwamba hakuna anayejua ulipo. Akiuliza mno, una jibu la haraka: "Kuna mwenzangu tunakutana baadaye." Yule unayemtumia ujumbe saa sita na nusu ndiye mwenzako, hujasema uongo.

Kaa saa mbili, zisizidi. Ondoka wakati bado kuna raha. Anayekaa hadi taa zinawashwa hukumbuka uchovu, na wiki ijayo mwili unamkatalia kurudi.

Umefaulu kama: umesalimiana na watu wawili na unajua jina la mmoja. Marafiki bado. Usijidai.

## Hatua ya 6: Linda kichwa na masikio

Asiyekunywa hapotezi chochote katika mwongozo huu. Agiza unachotaka, shika glasi mkononi, na hakuna atakayehoji zaidi ya mara moja.

Kwa anayekunywa, hesabu yake ni hii. Bia ya mililita 330 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 13 za alkoholi. Ini la mtu wa kawaida husafisha gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Bia moja, basi, inachukua saa moja na ushee hadi karibu mbili. Bia tatu ndani ya saa mbili maana yake unaondoka ukiwa na deni la saa kadhaa, na kahawa, maji baridi au kucheza hadi jasho likutoke havilipunguzi deni hilo. Kahawa inakufanya mlevi aliye macho. Chakula husaidia kama umekula kabla, kwa sababu kinapunguza kasi ya kilevi kuingia kwenye damu. Kula baada ya kulewa hakukuzindui.

Mgeni ana sababu ya kunywa kidogo kuliko mwenyeji: mwenyeji akilewa miguu inajua njia.

Usipokee kinywaji ambacho hukukiona kikimiminwa, wala usikirudie ulichokiacha mezani. Ukilewa ghafla kuliko ulichokunywa, usitoke nje "kupata hewa" peke yako, na usikubali msaada wa mtu uliyekutana naye usiku huohuo. Nenda kwa mhudumu au baunsa umwambie wazi kwamba huenda umetiliwa kitu, kisha mpigie mtu wako.

Pombe kali ya magendo iepuke kabisa. Inaweza kuwa na methanoli, alkoholi yenye sumu, ambayo kwa kuonja huitambui, na dalili zake, kama macho kuona ukungu na tumbo kuuma, zinaweza kuchelewa saa 12 hadi 24. Ukiziona, ni hospitali mara moja. Usijilaze kusubiri ziishe.

Na ukimkuta mtu amezimika kwa pombe, usimwache "alale". Mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe, kaa naye, piga simu ya dharura.

Sasa vile vizibo. Kiwango kinachotumika sana makazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda salama hukatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100, ambazo klabu nyingi huzifikia bila shida, una dakika 15 tu. Masikio yakivuma ukitoka, ujue yameumia. Yakizoea kuumia hayarudi yalivyokuwa.

Vizibo vya sponji huvaliwa hivi: kiviringishe kwa vidole hadi kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono mwingine juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kisukume ndani, halafu kishikilie kwa kidole sekunde 30 hadi kivimbe. Wengi hukichomeka tu na kukiachia, kinajisukuma nje, halafu wanasema havifanyi kazi. Ukikivaa sawasawa, muziki unausikia vizuri, na jirani yako unamsikia pia kwa sababu ule mvumo wa juu umepungua.

Umefaulu kama: asubuhi unakumbuka kila jina uliloambiwa, na masikio yako kimya.

## Hatua ya 7: Kuondoka

Ukumbi unapofunga, watu wote huita gari kwa dakika zilezile, na programu nyingi hupandisha bei wateja wanapozidi magari. Ondoka nusu saa kabla ya kufunga. Ukichelewa, kaa mahali penye taa dakika 20 wimbi lipite.

Agiza gari ukiwa bado ndani. Likifika, linganisha namba ya gari na iliyo kwenye simu kabla ya kugusa mlango. Kisha muulize dereva, "Umekuja kumchukua nani?" Usimtajie jina lako wewe kwanza, maana yeyote anaweza kujibu "ndiyo". Kaa kiti cha nyuma. Mtumie mtu wako namba ya gari. Shuka kwenye yale makutano, si mbele ya mlango, kama kipande kilichobaki kina taa na watu. Kama hakina, fika hadi mlangoni na funguo ziwe mkononi tayari.

Ukiingia, tuma ujumbe. Wengi husahau na kulala, kisha ndugu anakesha kwa wasiwasi, na wiki ijayo anakataa kazi hiyo.

## Hatua ya 8: Rudi palepale

Hatua hii ndiyo yenye thamani kuliko zote, nayo ndiyo inayoonekana kuchosha. Hamu ya kuzunguka inakwambia: pale umeshapaona, twende pengine. Ikatalie kwa wiki sita.

Jeffrey Hall, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, alikadiria kwamba watu huhitaji takriban saa 50 pamoja ili kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, saa 90 hivi kuwa marafiki hasa, na zaidi ya 200 kuwa wa karibu. Piga hesabu: saa mbili kwa wiki ni wiki 25 kufikia hizo 50. Anayebadilisha ukumbi kila Jumamosi huanza upya kuhesabu kila Jumamosi.

Njia ya kufupisha muda huo ni kutoka nje ya usiku. Mtu mliyezungumza mara mbili au tatu, mwalike kwa jambo lenye siku na saa: "Alhamisi saa mbili usiku nitakuja kuisikiliza ile bendi, karibu tukae pamoja." "Tutafutane" haina siku, kwa hiyo haifiki. Akikubali, wiki inayofuata mwalike mchana. Mkishaonana kwenye jua, huyo si mtu wa kaunta tena.

Fika siku ileile, saa ileile, sehemu ileile ya kaunta. Mara ya tatu au ya nne mhudumu atakusalimu kabla hujamsalimu, na walio karibu wataona. Hapo hadhi yako imebadilika bila wewe kusema neno.

Na usingizi? Amka saa ileile hata siku iliyofuata matembezi, au isizidi saa moja baadaye, ulale mapema usiku unaofuata. Ukilala hadi saa saba mchana, Jumatatu mwili unakuwa kama uliosafiri bara jingine. Kahawa iishie alasiri. Nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini saa tano hivi baadaye.

Umefaulu kama: umekosa wiki moja na mtu akakuuliza, "Wiki iliyopita ulikuwa wapi?"

## Hatua ya 9: Sasa nenda kwenye usiku mkubwa

Klabu ya Jumamosi, tamasha, kukesha. Nenda na wale wa hatua ya 8, sasa mna kundi. Kubalianeni mambo mawili kabla ya kuingia: mahali pa kukutania mtandao ukikatika, na kwamba hakuna anayeachwa. Watu maelfu wakijaa uwanja mmoja mtandao huelemewa, kwa hiyo "tutapigiana" si mpango. Semeni: "Chini ya ile taa ya lango la mashariki, kila saa kamili."

Mtaa mpya nao unaujua kwa utaratibu uleule: mzunguko wa jioni kwanza, kisha ukumbi mmoja. Kwa mwendo wa mtaa mmoja kwa mwezi, mwaka hauishi kabla hujaweza kumtembeza mgeni mwingine.

## Ukikwama

Umeenda wiki nne na hakuna anayekusemesha. Tazama unakaa wapi na simu iko wapi. Ikiwa mezani mbele yako na skrini inawaka, umefunga duka. Kama hilo si tatizo, badilisha aina ya shughuli: nenda penye kufanya kitu kwa mikono au miguu, kama dansi au michezo, maana kusikiliza tu hakuhitaji mwenzako.

Fedha zinaisha katikati ya mwezi. Panga kwa wiki, si kwa usiku. Toa nauli kwanza, kisha kiingilio, kinachobaki ndicho cha vinywaji. Mizunguko ya hatua ya 3 haina kiingilio. Badilisha usiku mmoja wa ukumbi kwa mzunguko mmoja.

Unafanya kazi za zamu na usiku wako ni mchana wa wengine. Tafuta walio kama wewe: wauguzi, madereva, wapishi. Sehemu zinazofungua alfajiri hujaa watu waliotoka kazini, na kanuni zote za kaunta ni zilezile.

Mtaa unaoishi hauna usafiri wowote baada ya saa nne. Usipambane nao kila wiki. Fanya matembezi yako kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu na nusu, na usiku mrefu uwe mmoja kwa mwezi, wenye gari la kwenda na kurudi. Mkataba wa nyumba ukiisha, ratiba ya basi la usiku iwe miongoni mwa maswali unayomuuliza mwenye nyumba mpya, pamoja na saa ya kufunga geti.